Chembe zisizoonekana zinazoufunza mwili kupigana na saratani

HUENDA msomaji umepata kusikia kwamba wanasayansi wanajaribu kuishambulia saratani kwa chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe hizo hupeleka dawa au mafunzo kwa askari wa kinga ya mwili ili wautambue uvimbe na kuushambulia. Matibabu mengi ya aina hiyo yangali katika majaribio. Kwa hivyo, akikujia mtu mjini Kitengela na chupa ya "nano" inayoponya kansa, funga pochi yako.

Lakini je, wajua kwamba chembe za udogo huo zimo tayari katika mpango wa chanjo wa serikali, unaohudumia hata wakazi wa mpakani kama wa Illasit, Kaunti ya Kajiado?

Ni chanjo ya virusi vya HPV, vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Maradhi haya huua zaidi ya wanawake 3,000 nchini Kenya kila mwaka. Mnamo 1991, Ian Frazer na Jian Zhou wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliunda ganda la virusi hivyo lisilo na kitu ndani. Upana wake ni nanomita 55 hivi. Panga maganda zaidi ya 1,000 ndipo upate upana wa unywele mmoja. Kinga ya mwili ikiliona hudhani adui ameingia, ikaandaa silaha mapema. Ganda tupu haliwezi kuzaana wala kuambukiza, na uvumi kwamba linafunga kizazi si kweli.

Tanzania ilianza kutoa chanjo hii 2018, na Kenya ikafuata Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Ikiwa binti yako anaishi huku na huku, Illasit na Tarakea, itunze kadi yake. Chanjo yenyewe huhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, ikiganda, imeharibika.

Mama, chanjo haitibu kilichokwisha kuingia. Ukiwa na miaka 25 hadi 49, omba upimwe. Mhudumu hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi na kutazama mabaka meupe. Ni shughuli ya dakika chache. Mabaka yakigunduliwa mapema huweza kuondolewa kabla ya kuwa saratani, kabla hujalazimika kusafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Nairobi kutafuta matibabu ya miale.