Upanga wa Kale na Upanga wa Kughushi

Tusemapo upanga katika makala haya, hatusemi habari za panga la kufyekea shamba. Twasema ule upanga wa vita na wa heshima, uliovaliwa zamani Unguja, Mombasa na Lamu na watu wenye asili ya Omani, na ambao hata leo hupatikana katika sanduku za jamaa nyingi za pwani. Nao ni wa namna mbili. Wa kwanza umenyoka: kengee yake ni pana tena nyembamba, ina makali pande zote mbili, na ncha yake ni ya mviringo. Mpini wake ni mrefu kama bomba, hauna kikingio cha mkono, na mwisho wake umepanuka, mara nyingi wenye tundu la kupitishia ugwe. Wa pili umepinda, nao ndio kitara. Wakusanyaji wa Ulaya wamezoea kuuita ule ulionyoka kwa jina la kattara, lakini Waomani huuita saif, na Mswahili asemapo kitara humaanisha uliopinda.

Atakaye kujua kama upanga ni wa kale kweli, na akumbuke kwanza ya kwamba upanga si kitu kimoja. Kengee, mpini na ala, kila kimoja chaweza kuwa na umri wake. Babu alinunua kengee, baba akaitilia mpini mpya wa fedha, mwana akashona ala mpya ya ngozi ile ya kwanza ilipooza. Hapo hapana hila yo yote. Kughushi ni kutengeneza kitu kipya na kukisingizia umri.

Neno hili tulijifunza kwa hasara ya mtu mwingine. Miaka mingi imepita tangu mzee mmoja alipotuletea upanga wa babu yake, umefungwa katika kaniki. Tulipoutoa alani tuliona, karibu na mpini, mnyama aliyechorwa kwa mistari michache, kama mbwa anayekimbia. Tukamwambia mzee yule, kwa uhodari wote wa mwalimu, ya kuwa Waarabu hawatii picha kama hiyo. Kengee ni ya Ulaya, basi upanga wake ni wa kughushi. Akatusadiki. Baadaye tulisikia ya kwamba ameuuza kwa bei ya jembe.

Mnyama yule ni mbwa mwitu wa Ulaya. Alama hiyo ilianza kupigwa na wahunzi wa Passau katika Ujerumani, kisha wakaichukua wahunzi wa Solingen, mji wa nchi hiyo hiyo ulio mashuhuri kwa visu na panga. Katika karne ya 19 kengee za Solingen ziliuzwa kwa wingi Arabuni na Afrika, na mafundi wa huku walizitilia mipini ya kwao. Kwa hiyo kengee ya Kijerumani katika mpini wa Kiomani ilikuwa jambo la kawaida kabisa, nasi tulilifanya kuwa ushahidi wa uwongo! Walakini hatusemi ya kuwa ilitoka Ujerumani kwa hakika, maana alama hiyo ilisifiwa hata ikaigwa na wahunzi wa nchi nyingine. Hata Sudani mafundi wamepiga alama za Ulaya katika panga walizofua wenyewe. Basi alama pekee haithibitishi, wala haikanushi.

Kutu hueleza zaidi. Wenye kughushi hupaka tindikali au maji ya chumvi, ama huufukia upanga udongoni. Kutu ya namna hiyo ni nyekundu, hutoka kidoleni, nayo imeenea sawasawa kila mahali. Kutu ya miaka mingi ni nyeusi au ya rangi ya kahawa, ngumu, imeshikamana na chuma. Tena ni nyingi huku, haba kule. Kisha tazama mistari ya alama au ya maandishi. Ikiwa ni ya kale, kutu imeingia ndani yake na kingo zake zimelainika. Ikiwa mstari umekata juu ya kutu, na ndani yake chuma chang'aa, alama ni mpya ijapokuwa kengee ni ya kale. Hasa jihadhari na mwaka wa Hijria, kwa kuwa kuchora tarakimu nne ni kazi ndogo, nayo huongeza bei sana.

Katika vitara vya Kiajemi hutafutwa yale mawimbi ya chuma ambayo Waarabu huyaita jauhar, neno lile lile lililotupa johari. Mawimbi ya kweli yamo ndani ya chuma chenyewe. Yaliyochorwa juu kwa tindikali hutoweka kengee ikisuguliwa.

Msuka hauonekani ila mpini ukilegea, wala hatumshauri mtu aubomoe. Lakini ukiwa wazi, tazama: msuka wa kale umefuliwa pamoja na kengee, kipande kimoja. Ukiona fimbo nyembamba iliyochomelewa, yenye hesi ya kufungia nati, hapana haja ya kuuliza zaidi.

Upanga wa razha ni neno jingine. Katika ngoma hiyo mchezaji huutikisa upanga hata kengee ikatetemeka, na kwa sababu hiyo panga nyingi za ngoma ni nyembamba mno na makali yake ni butu. Ni kitu halali kwa kazi yake. Udanganyifu huanza muuzaji anaposema ulikwenda vitani.

Mwenye upanga wa wazee wake asiusugue kwa mchanga, ndimu wala majivu kabla ya kuuonyesha kwa mjuzi, kwani kutu ile nyeusi ndiyo shahidi wake. Na aupake mafuta kidogo, aufunge kwa nguo kavu, wala asiuache ndani ya ala ya ngozi wakati wa masika, maana ngozi hushika unyevu.