Kasongo na Kabambare: konokono wa kichocho husafiri juu ya majani yanayoelea

Maji yanapopanda wakati wa mvua, mto Lualaba upande wa Kasongo na mto Luama unaopita teritware ya Kabambare hung'oa majani ya pembeni na kuyapeleka chini. Wavuvi huyasukuma kwa kafi ili mtumbwi upite. Ni wachache wanaoyageuza kuona kilicho chini. Kwenye mizizi ya majani kama hayo hukaa konokono, minyoo na watoto wa wadudu, wote wakisafiri bila kulipa nauli.

Mmoja wa abiria hao anagusa afya ya wakaaji moja kwa moja. Ni konokono mdogo, bapa, aliyejiviringisha kama kamba. Wataalamu humwita Biomphalaria. Ndiye anayekuza kijidudu cha kichocho cha tumbo, yaani bilharzia, ugonjwa unaojulikana Maniema tangu zamani.

Anaishi vipi juu ya kitu kinachoelea?

Kwanza, anashika. Mguu wake laini wenye ute humganda kwenye jani hata maji yakivuta. Pili, chakula kiko palepale: hukwangua ukoga unaoota juu ya mizizi. Tatu, anapumua hewa kama sisi, na uso wa maji uko karibu. Mayai yake huyabandika chini ya majani, ndani ya ute mzito, nayo husafiri pamoja naye. Tena kila konokono ni dume na jike kwa pamoja. Akifika peke yake mahali papya, anaweza kuzaa bila mwenzake. Kule Kisumu, Kenya, watafiti wamewakuta konokono wa kichocho kwenye magugu yanayoelea Ziwa Viktoria.

Baharini pia wanyama wadogo huishi hivyo. Kuna mmoja mwenye magamba, jamaa ya kaa, aitwaye Lepas. Akiwa mtoto huogelea. Akikuta ubao au chupa, hujibandika kichwa kwa gundi ya mwili wake na hahami tena. Hunasa chakula kwa miguu yenye manyoya. Yeye pia ni dume na jike. Baada ya tsunami ya Japani mwaka 2011, vitu vilivyoelea vilivuka bahari hadi Marekani. Kufikia mwaka 2017, wanasayansi walikuwa wamehesabu juu yake aina 289 za viumbe kutoka Japani. Tofauti ni hii: ubao huoza na kuzama, lakini plastiki huelea miaka mingi, na abiria wake hupata muda wa kuzaliana.

Ugonjwa unatoka kwa nani?

Konokono hazaliwi na kichocho. Mgonjwa akijisaidia majini au pembeni, mayai ya mnyoo huanguliwa na kijidudu humwingia konokono. Baada ya majuma kadhaa, konokono hutoa vijidudu vingi, hasa jua likiwaka. Hivyo huingia kwenye ngozi ya mtoto anayeoga, mama anayefua, mvuvi, au mchimbaji anayesimama majini kuosha dhahabu. Dalili ni maumivu ya tumbo na kuhara damu. Ukikaa miaka bila matibabu, ini na wengu huvimba, na mgonjwa anaweza kutapika damu.

Ndiyo maana kusafisha bandari moja hakutoshi. Majani ya juu yataleta konokono wengine kesho, na mmoja tu anatosha kuanza upya. Lakini akikuta maji yasiyo na kinyesi cha mgonjwa, hana pa kuupata ugonjwa. Choo ndicho kinachokata njia hiyo.

Kuna mengine yanayosaidia. Majani yanayoziba mahali pa kuogea yatolewe na watu waliovaa bote, yakaushwe mbali na mto, yasirudishwe majini kwenda kwa majirani wa chini. Maji ya kuoga yakikaa siku mbili kwenye bidoni iliyofunikwa, bila konokono ndani, vijidudu hivyo hufa. Maji ya kunywa yachemshwe. Anayehara damu aende kituo cha afya: dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu. Ila haimkingi mtu anayerudi kesho kwenye maji yaleyale.