Chanzo Kimoja cha Umeme katika Saketi za Sauti za Opampu

Opampu, yaani kikuzaji cha mawimbi kilichoundwa ndani ya chipu, kwa kawaida haina pini ya ardhi. Inachotegemea ni tofauti ya volti baina ya pini zake mbili za umeme. Kwa sababu hiyo TL072 hufanya kazi kwa betri moja ya volti 9, mradi mawimbi ya sauti yainuliwe hadi volti 4.5, kwani yakiachwa kwenye sifuri nusu yake ya chini hukatwa. Rezista mbili za kilo-omu 100 zilizounganishwa mfululizo huigawa volti hiyo, na kapasita za ingizo na tokeo huzuia mkondo mnyoofu usipite.

Ugumu halisi umo katika kigawanyo hicho. Betri ikibadilishwa kwa adapta, mvumo wa hezi 100 unaosalia baada ya kunyoosha umeme wa hezi 50 hupita hapo ukiwa umepungua nusu tu, kisha hukuzwa pamoja na sauti. Chipu hulaumiwa bure. Kapasita ya maikrofaradi 10 kutoka katikati ya kigawanyo hadi ardhini huupunguza takriban mara 300. Kapasita nyingine huwekwa kati ya rezista ya mrejesho na ardhi: bila hiyo, katika ukuzaji wa mara 10, volti 4.5 nazo hukuzwa, tokeo likaganda karibu na volti 9 na sauti isisikike.