Tembea Ununue Mboga

Daktari alimwambia mamangu, mwenye presha, atembee na apunguze nyama. Basi Jumamosi twaondoka Makadara kwa miguu hadi Likoni. Kwenye feri, aendaye kwa miguu halipi. Ng'ambo twashika njia ya Shika Adabu, tukiuliza kila shambani: mchicha huu wanyweshwa maji ya kisima au ya mtaro? Mbolea ni samadi ama ya dukani? Jani lenye vitundu vya wadudu mimi silikatai, huenda halikupigwa dawa.

Twanunua kisamvu, kunde, nazi. Mbaazi za nazi na mahamri ya tui havina nyama wala maziwa, na ni vitamu ajabu! Shida ni kile kilima cha feri tukirudi: nazi tano kikapuni, na mama hataki kusikia habari za matatu.