Ukuta wa Ghala Usiwe Maficho ya Fukusi

Ikiwa shamba lako la skimu liko kwenye mteremko, huenda umejenga nyumba ya mawe yenye chumba cha chini, nyuma kikiegemea mlima, na humo ndimo unamoweka mahindi. Nje mawe yamechongwa vizuri. Ndani yametokeza huku na huku, na kati yake mna mianya inayoingia kidole.

Mianya hiyo si jambo la sura tu. Ghala likiwa tupu, fukusi hujificha humo wakingoja mavuno mapya, na vivyo hivyo dumuzi, aliyeonekana Kenya huko Taveta mwaka 1983. Nao unyevu upitao ukutani huleta kuvu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu, hasa katika sehemu za Ukambani, kwa kula mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu.

Fundi akija atakwambia upige plasta ukuta mzima. Usikubali upesi. Plasta ya unene wa milimita 20, na ukuta wa namna hii hautaki chini ya hapo, humaliza mfuko wa saruji wa kilo 50 katika mita 10 hivi za mraba. Ghala si sebule. Ukuta wake wahitaji kuwa mkavu na usio na mianya, basi.

Anza na unyevu. Bandika ukutani kipande cha karatasi ya nailoni, uzibe kingo zake zote, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, maji yatoka mlimani. Yakiwa upande wa chumba, ni hewa iliyofungiwa, fungua madirisha. Maji ya mlimani hayazuiwi kwa saruji ya ndani, kwa maana plasta itavimba na kubanduka, nawe utakuwa umetupa fedha. Chimba mfereji nyuma ya nyumba, uwe chini kuliko sakafu lakini usifike chini ya msingi, uujaze kokoto na kuelekeza maji pembeni. Kazi hiyo ni ya jembe na jasho. Kisha ungoje ukuta ukauke, hata ikibidi kungoja kiangazi.

Ukisha kukauka, kwangua udongo uliolegea katika mianya, upige brashi ya waya, na unyunyize maji kidogo. Changanya saruji debe 1, chokaa debe 1 na mchanga wa mto madebe 6. Mchanga ukiacha tope mkononi, uoshe kwanza. Chokaa iwe ile ya mfuko iliyokwisha kuzimwa. Chokaa mbichi huchemka majini na yaweza kupofusha macho. Katika mianya mipana tia vijiwe kwanza, kwani kila kijiwe huokoa mwiko mzima wa saruji. Jaza mpaka usawa wa uso wa mawe. Jiwe lililotokeza mno ligonge kwa nyundo na patasi.

Saruji ikianza kukaza, chukua kipande cha gunia la katani, ukichovye katika uji wa saruji na mchanga laini, usugue ukuta wote kwa kuzungusha mkono. Vaa glavu, maana saruji hula ngozi. Vijitundu vitazibika, na mawe yatabaki na umbo lake bila kuhitaji plasta. Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku tatu au zaidi. Mafundi wengi huliacha jambo hili, halafu nyufa hulaumiwa saruji.

Baada ya wiki mbili paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara tatu, kila mara ikauke kwanza. Rangi ya mafuta usiitumie, kwa sababu hufungia unyevu ndani ya ukuta. Chokaa haimalizi fukusi, lakini juu ya ukuta mweupe utamwona hata mmoja akitembea, nawe utajua mapema kwamba ghala lataka kufagiliwa na kutiwa dawa. Magunia yakirudi, yapange juu ya mbao na uache nafasi ya mtu kupita kati yake na ukuta, hata ukuta ukiwa laini namna gani.