Je, Wajua? Mwangaza wa skrini ni namba ndani ya faili

Katika Linux, mfumo endeshi huria ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, mwangaza wa skrini ya laptopu ni namba iliyoandikwa kwenye faili. Tazama ndani ya folda iliyo chini ya /sys/class/backlight: faili ya brightness hubeba kiwango kilichowekwa, na max_brightness hubeba kikomo.

Vitufe vya mwangaza vikigoma, usikimbilie kwa fundi. Chungulia hapo kwanza. Ukikuta folda mbili, mfano acpi_video0 na intel_backlight, huenda vitufe vinaamrisha ile isiyoigusa taa ya skrini. Namba inapanda, mwangaza haupandi.

Dawa yake mara nyingi ni neno moja. Fungua /etc/default/grub, faili ya mipangilio ya GRUB (programu inayoianzisha Linux kompyuta inapowashwa), kwa mamlaka ya msimamizi, kisha ongeza acpi_backlight=native ndani ya alama za kunukuu kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT. Kwenye Ubuntu au Debian, endesha amri ya sudo update-grub, halafu uwashe kompyuta upya. Isipofaa, badilisha native uweke vendor au video.

Tahadhari: usiandike 0 kwenye faili ya brightness. Katika baadhi ya laptopu taa huzimika kabisa, ukabaki unapapasa gizani.

Huo ndio uzuri wa programu huria: mlango wa jikoni uko wazi, na mwenye kompyuta anaruhusiwa kuingia.