GARI LILILOSAHAULIKA GHALANI

Askari wa usalama barabarani anapolitilia shaka gari, haridhiki na rangi yake wala vibao vyake vya namba. Hufunua boneti akaitafuta namba ya chasisi, kwani rangi hubadilishwa kwa siku moja na injini huhamishwa, lakini namba iliyogongwa katika chuma haifutiki bila kuacha alama. Mwaka 2001, namba ya namna hiyo ndiyo iliyolirudishia jina lake gari kuukuu lililotoka katika ghala la kupangisha huko California, Marekani. Namba yenyewe ni CSX2287.

Hiyo ilikuwa namba ya Cobra Daytona ya kwanza kabisa kati ya 6 tu zilizopata kutengenezwa. Historia yake ilianzia kwa Carroll Shelby, dereva aliyekuwa mmoja wa washindi wa mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1959. Baada ya kuacha mashindano, alianza kuunda magari ya wazi yaliyoitwa Cobra, yenye injini ya Ford ya silinda 8. Nguvu yalikuwa nayo, lakini katika barabara ndefu iliyonyooka ya Le Mans upepo uliyazuia, na Ferrari za Italia zikayaacha nyuma. Ndipo kijana Peter Brock alipochora bodi yenye paa, iliyolala mbele na kukatwa ghafla nyuma, ili upepo upite bila kizuizi.

Mwezi Februari 1964, gari hilo lilikuwa likiongoza huko Daytona, Florida, lilipozuka moto wakati wa kutiwa petroli. Mwezi uliofuata lilishika nafasi ya kwanza katika daraja lake huko Sebring. Mwezi Juni likaondolewa mashindanoni Le Mans, kwa sababu liliwashwa kwa betri ya nje, kinyume cha sheria. Mwaka 1965 ndugu zake waliipatia Marekani ubingwa wa dunia wa magari ya daraja hilo, nalo likafunga kazi mwezi Novemba kwa kuvunja rekodi zaidi ya 20 katika uwanda wa chumvi wa Bonneville.

Lakini gari la mashindano likishapitwa halina mwenyewe. Liliuzwa kwa bei ndogo, likafika mikononi mwa mtayarishaji wa muziki Phil Spector, aliyeliendesha katika barabara za kawaida. Kutoka kwake lilikwenda kwa mlinzi wake, na baadaye likafungiwa ghalani karibu miaka 30. Wapenzi wa magari walilitafuta. Waliokuwa nalo hawakutaka kuliuza.

Mtunzaji wake alipofariki mwaka 2000, walitokea wadai zaidi ya mmoja, na shauri likafika mahakamani. Mwishowe gari lilibaki kwa Dkt. Frederick Simeone, daktari mpasuaji wa ubongo wa Philadelphia, ambaye hakulipaka rangi mpya. Aliona kwamba mikwaruzo na rangi iliyochakaa ni ushahidi, na ushahidi ukifutwa haurudi. Leo gari hilo limo katika makumbusho yenye jina lake. Mwezi Januari 2014 liliandikwa la kwanza katika daftari la taifa la magari ya kihistoria la Marekani.

Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Si kila nyumba yenye gari la namna hiyo, lakini kila nyumba ina chombo chenye historia, kiwe baiskeli, cherehani au redio. Hati ya kununulia, kadi yenye namba na picha ya zamani havichukui nafasi kubwa sandukuni. Vikihifadhiwa pamoja, na jina la mrithi likajulikana mapema, watoto hawatalazimika kupelekana mahakamani.